Sura ya Tisa: Kielelezo Ndani ya Friza

Kituo kizima cha polisi hakikuwa na friji, na kwa sababu hiyo mzee wa watu alikuwa njiani kunyongwa.

Inspekta Mumbi alilisoma faili mara ya nne akiwa amesimama koridoni, Jumamosi asubuhi, siku yake ya mapumziko, Agosti ya mwaka wa tisini na tano. Ukurasa wa tatu uliandikwa na konstebo ambaye Mumbi asingemwamini hata na ufagio: "Kipande cha chokoleti kilichoumwa, kimeokotwa stoo kando ya majeruhi. Kituoni hakuna friji. Kimeachwa kwa mlalamishi kihifadhiwe." Kwa mlalamishi! Ushahidi wa kesi ya kunyonga mtu umeachwa kwa yule yule anayeshtaki, kama sufuria ya kuazima. Alitamani kumtafuta huyo konstebo amlishe hiyo karatasi.

Mambo yenyewe yalikuwa machache. Jumanne jioni huko Kawangware, katika kiwanda kidogo cha chokoleti na aiskrimu cha Bwana Thuo, mfanyakazi aitwaye Kitheka alipigwa kichwani kwa mwiko wa mbao, ule mkubwa wa kukorogea maziwa. Maboksi ya chokoleti yakatoweka stoo. Kitheka alikuwa bado hospitalini, hajafumbua macho. Bwana Thuo akaandikisha taarifa na kutia sahihi: alimwona kwa macho yake mwenyewe soja wake, mlinzi wa geti, Mzee Okoth, akikiuma kile kipande, akakitupa chini, akatoroka na maboksi. Polisi wakaenda mtaa wa Laini Saba, wakapekua nyumba ya mzee, wakapata karatasi za kiwanda, zile za kung'aa zenye picha ya ng'ombe. Wakafunga faili. Wizi wa mabavu. Jumatatu saa tatu mzee angesimamishwa mbele ya hakimu, na kila mtu Kenya hii anajua hukumu ya wizi wa mabavu ni kitanzi.

Hakuna aliyejisumbua kuuliza jinsi mzee wa miaka hamsini na nane, goti bovu, anavyotoroka na maboksi tisa. Wala mbona kesho yake alfajiri aliripoti kazini, akakamatwa akiwa amesimama pale pale getini na rungu lake.

Mumbi alikuwa ameomba kukiona hicho kielelezo mara tatu. Jumatano Thuo alisema funguo za friza ziko na fundi. Alhamisi, fundi ameenda Thika. Ijumaa mkuu wa kituo alimwita ofisini na kumwambia bila kuinua macho, "Mumbi, achana na mambo ya peremende. Mzee amepatikana na karatasi. Unataka nini tena?"

Alitaka kuona chokoleti. Ndiyo hiyo tu.

Alipofika kaunta alimkuta Mildred, mke wa mzee, ameketi kwenye benchi na bakuli mapajani. Alikuwa amekuja na mahindi choma mawili, bado ya moto, na alikuwa akiyapukuchua kwa kidole gumba, punje moja moja, zikianguka bakulini.

"Mama, si umpe tu hindi zima?" akasema konstebo wa zamu. "Unatuchelewesha hapa."

"Mzee hula hivi," Mildred akajibu, bila kusimamisha kidole.

Mumbi alimsubiri amalize, akambebea bakuli mwenyewe hadi seli. Mzee Okoth alikuja kwenye nondo, mrefu, masharubu yamefunika mdomo wa juu. Alipoongea aliinua kiganja mbele ya midomo, kama mtu anayeona haya.

"Mzee, Jumanne jioni ulikuwa wapi?"

"Niliambiwa niende ninunue sigara. Nikarudi, nikapata watu wamejaa, Kitheka amelala na damu."

"Nani alikutuma?"

"Kijana. Kimotho, mtoto ya Thuo."

Mumbi alifungua faili, akalifunga. "Hii kitu haimo humu."

"Hawakuniuliza. Walikuwa wanauliza tu nimeficha wapi. Wananichapa, wanauliza nimeficha wapi."

"Na zile karatasi?"

Mildred alijibu kutoka nyuma, kwa sauti ya juu, hasira imempanda. "Mimi huuza mandazi kwa reli! Hizo ni za kufungia mandazi. Kiwandani wakikata vibaya wanatupa, yeye anaokota ananiletea. Laini Saba yote imekula mandazi ya ng'ombe. Wakuje watushike wote!"

Konstebo alicheka. Mumbi alimgeukia, na kicheko kikamkauka.

Nje, chini ya ukuta wa kituo, Mumbi alikuwa akisubiriwa na mumewe Ephantus, mwalimu wa hesabu, na binti yao Tabby wa miaka saba, amevaa gauni la manjano alilolala nalo usiku ili asiambiwe abadilishe. Mumbi alikuwa amemwahidi mtoto aiskrimu tangu Pasaka. Na kiwanda cha Thuo, kila Jumamosi asubuhi, kilifungulia familia milango: mnaingia, mnaonyeshwa mashine, mnaonja, mnaenda.

"Mama Tabby," Ephantus akauliza, "hii ni aiskrimu ama ni kazi?"

"Ni aiskrimu."

"Umebeba pingu."

"Pingu hubebwa, Ephantus. Twende."

Kiwanda kilikuwa nyumba ya mawe ya vyumba vinne, imeongezewa mabati nyuma, katikati ya ploti za kukodisha za huyo huyo Thuo. Getini hapakuwa na soja mpya, ila kiti tupu cha mzee, na chini yake viatu vya plastiki alivyokuwa akivaa mvua ikinyesha. Mumbi aliviona, akaendelea kutembea haraka kiasi cha Tabby kukimbia nyuma yake.

Kimotho ndiye aliyekuwa akizungusha wageni. Kijana wa miaka ishirini na mitano hivi, koti jeupe, gambuti za mpira, maneno mengi. Hakumjua Mumbi. Kulikuwa na familia nyingine mbili na watoto wao, na wote walikuwa wakimcheka kabla hajamaliza sentensi.

"Sasa nyinyi wadogo! Nani anaogopa baridi? Wewe? Basi utabaki nje na nzi!"

Aliwaonyesha maziwa yakichemka. Aliwaonyesha pipa la kuzungusha aiskrimu, limezungukwa na barafu iliyomwagiwa chumvi, na akauliza chumvi ni ya nini. Tabby alinyoosha mkono. "Ni ya kufanya barafu iwe baridi zaidi!" Ephantus alitabasamu mara ya kwanza siku hiyo. Halafu wakafika kwenye friza ndefu ukutani, na kila mtoto akapewa kijiko cha aiskrimu ya vanila kutoka humo humo.

Mumbi alionja. Ilikuwa laini. Hilo nalo lilimuudhi, kwamba ilikuwa tamu.

"Na stima ikipotea mnafanya aje?" akauliza, kimama tu, kama anayepitisha wakati.

"Ah, mathe, tunalia! Masaa matatu tu, inayeyuka, na ukiigandisha tena inakuwa na chembe kama mchanga. Lazima umwage. Lakini tuna bahati. Wiki mbili nzima stima haijapotea hapa hata dakika."

"Na hizi karatasi za ng'ombe, zikiharibika?"

"Tunatupa. Wafanyakazi huokota, si mbaya. Chukua ukitaka."

Akamkunjia mbili. Mumbi alizitia mkobani pamoja na pingu. Faili zima la karatasi, kesi ya kunyonga mtu, na huyu anazigawa mlangoni kama matangazo ya mkutano wa injili.

"Sasa chokoleti!" Kimotho alifungua boksi jipya, akatoa bamba nene, gumu, upana wa kiganja. "Kila boksi likifunguliwa hapa, mimi ndio wa kwanza kuuma. Si ati mimi ni mlafi! Chokoleti nzuri huwa inalia. Ikinyamaza, hiyo si chokoleti, hiyo ni sabuni. Nyamazeni, sikilizeni."

Akauma pembe. Tak! Watoto wakashangilia. Akatafuna, akafuta bamba kwa kitambaa, akamkabidhi Tabby. "Ya yule alijua chumvi."

"Si hiyo umeuma?" Ephantus akasema, lakini mtoto alikuwa ameshaikumbatia.

Mumbi aliangalia pale palipoumwa. Juu kulikuwa na mikwaruzo miwili mipana ya meno ya mbele, katikati yake uzi wa chokoleti uliosimama, mahali pa mwanya. Akageuza bamba mikononi mwa mtoto. Chini, safu nzima ya meno madogo, na moja limekaa upande.

Juu na chini. Mtu akiuma kitu kigumu, huacha alama juu na chini. Mumbi alisimama pale, mkono kwenye bega la binti yake, akamwona tena akilini Mildred na kidole gumba chake, punje moja moja. Akaona kiganja cha mzee mbele ya midomo. Walimwacha mtu seli siku nne, wakampiga, wakaandika kurasa kumi na sita, na yeye mwenyewe Mumbi, inspekta mzima, amembebea bakuli asubuhi hii bila kujiuliza. Alijikasirikia hadi masikio yakamwaka moto.

Tabby akafungua mdomo kuuma.

"Wewe! Wacha!" Mumbi akaipokonya.

Tabby akaangua kilio. "Mama amenichukulia! Ni yangu! Nilijibu!"

"Mama Tabby!" Ephantus alikuwa amekunja uso. "Mbele ya watu? Uliniambia ni aiskrimu."

"Nilidanganya. Mtoe nje. Tafadhali, Ephantus, mtoe sasa hivi, nitaomba msamaha jioni."

Alikuwa akilifunga lile bamba katika karatasi ya ng'ombe wakati Thuo alipoingia kwa mlango wa nyuma, suti ya kahawia, kofia mkononi. Alikuwa na tabasamu lililomwishia alipomtambua mgeni.

"Inspekta! Si ungenipigia simu? Kimotho, hebu wapeleke wageni wengine nje wakapumzike."

"Kimotho abaki," Mumbi akasema. "Bwana Thuo, nimekuja kuchukua kielelezo changu."

Kimotho alimtazama babake. Wale wazazi wengine hawakuhitaji kuambiwa mara mbili, walikusanya watoto wao wakatoka.

"Aki pole," Thuo akasema. "Kiliyeyuka. Alhamisi stima ilipotea usiku kucha. Ningekwambia, lakini..."

"Usiku kucha?"

"Usiku kucha."

"Kijana wako ameniambia sasa hivi, mbele ya watoto, stima haijapotea wiki mbili. Na nimekula aiskrimu ya friza hiyo hiyo. Laini. Haina chembe hata moja." Alikuwa ameshafika kwenye friza. "Toka hapo."

"Huwezi kufungua mali ya mtu bila karatasi ya korti."

"Aiskrimu ni mali yako, kaa nayo. Kielelezo ni cha polisi. Toka, Thuo, kabla sijaanza kusahau mimi ni mtoto wa mama wa kanisa!"

Alitoa ndoo za vanila moja moja, akazirusha sakafuni. Ndoo ya sita, chini kabisa, ilikuwa imekalia bahasha ya plastiki yenye muhuri wa kituo, ambao yaelekea Thuo aliogopa kuuvunja. Haikuwa imeyeyuka wala kubadilika umbo. Aliiweka juu ya meza ya bati, akaweka kando yake bamba la Tabby. Juu, meno mawili mapana na mwanya. Chini, safu nzima, na lile moja limekaa upande, mahali pale pale.

Kimotho alifunga mdomo wake kwa nguvu, akiwa amechelewa.

"Hiyo si kitu," Thuo akasema haraka. "Umesikia mwenyewe, kijana huuma kila boksi. Aliuma, akaacha, soja akaja akaiba. Kuuma chokoleti ya babako si hatia."

"Kweli kabisa, si hatia." Mumbi akatoa faili. "Lakini hapa umeandika nini? 'Nilimwona Okoth kwa macho yangu akikiuma kipande hicho, akakitupa.' Sahihi yako. Sasa kipande ni hicho, na kimeumwa mara moja tu. Niambie ulimwona nani."

Thuo aliweka kofia mezani. Akasogea karibu, akabadilisha lugha, akaongea Kikuyu kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayepatanisha ndugu. Mwari wa maitu, akamwita. Tuongee kama watu wa nyumba moja. Kimotho alikuwa anatoa maboksi, alitaka kuanza kitu chake mwenyewe, na yule Mkamba, Kitheka, akamkuta, akapiga kelele. Alishtuka tu, hakutaka kumuumiza. Mzee Okoth ameshaishi maisha yake. Huyu ni mtoto. Wewe pia una mtoto, nimemwona hapo nje na gauni lake.

Mumbi alijibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Usiniite dada yako! Na usimtaje mtoto wangu! Mzee Okoth amekufungulia geti miaka mingapi?"

"Kumi na moja."

"Miaka kumi na moja. Asubuhi na jioni. Ana meno mangapi chini?"

Thuo hakuelewa. "Meno?"

"Meno, Thuo! Hapa mbele, chini. Anayo mangapi?"

Thuo alimtazama mwanawe, Kimotho akatazama gambuti zake. Hakuna aliyejua. Miaka kumi na moja, na hakuna aliyewahi kuketi na yule mzee akala naye kitu.

Mumbi mwenyewe hakuwa na hakika. Hakuwa amemwona mzee akifungua mdomo. Alikuwa na punje za mahindi na kiganja, basi. Kama amekosea, Jumatatu mkuu wa kituo angempeleka kulinda daraja huko mpakani. Lakini alitoa pingu, akamfunga Kimotho, na kumwambia Thuo achukue gari lake awapeleke kituoni.

Garini Ephantus alikaa kiti cha mbele na Tabby mapajani. Mtoto alikuwa ameacha kulia, akawa anamkodolea macho Kimotho na ile pingu kupitia pengo la viti.

Mkuu wa kituo alitoka ofisini akifunga vifungo vya shati. "Mumbi, hii ni nini? Bwana Thuo, samahani sana, karibu uketi..."

"Asiketi," Mumbi akasema. "Afande, dakika moja. Ukiona nimekosea, nivue cheo hapa hapa mbele ya mume wangu."

Aliweka vipande vyote viwili kaunta. Akaisoma taarifa ya Thuo kwa sauti, neno kwa neno, hadi kwenye sahihi. Akaonyesha juu, akaonyesha chini. Halafu akamwambia konstebo wa zamu, yule wa kicheko, amlete mzee.

Mzee Okoth alikuja akichechemea, akasimama mbele ya kaunta. Mildred alinyanyuka kwenye benchi, bakuli tupu mkononi.

"Mzee," Mumbi akasema, na sauti yake, iliyokuwa imepiga kelele tangu asubuhi, ikashuka. "Nisamehe kwa hili ninalokuomba mbele ya watu. Fungua mdomo."

Mzee aliangalia watu wote waliokuwa pale, mmoja mmoja. Aliangalia Kimotho na pingu. Kisha akashusha kiganja chake, akafungua mdomo.

Chini, mbele, hapakuwa na kitu. Nafasi ya meno sita, ufizi mtupu, laini, uliopona zamani sana.

Mkuu wa kituo aliinama, akatazama ile safu ya meno madogo kwenye chokoleti, akatazama mdomo tena. Alivuta faili kwake polepole.

"Waling'oa nikiwa kijana, nyumbani," mzee akasema. "Ndiyo ilikuwa desturi yetu siku hizo. Hapa Nairobi watoto hunicheka, ndiyo nafunika."

"Lakini mzee," mkuu wa kituo akasema, "siku nne! Si ungesema?"

"Na wewe ulikuwa wapi?" Mildred akafoka. "Si alikuwa hapa kwako? Si ulikuwa unapita hapo na chai yako?"

Konstebo alikuwa ameshaanza kutafuta funguo za seli za kumfungulia mzee aliyekuwa tayari nje, funguo ambazo hazikuhitajika kabisa.

Thuo alikuwa amegeuza uso ukutani, palipobandikwa bango la kuzuia moto, na alikuwa akilisoma kwa makini sana. Mzee Okoth alimwendea, akiburuta goti lake bovu, akasimama mbele yake karibu kiasi cha kumgusa.

"Thuo," akasema. Hakusema Bwana, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja. "Wewe ndiye uliandika uliniona nikiuma."

"Okoth, sikiza, tutaongea..."

"Hapana. Uliandika uliniona. Sasa geuka unione."

Akafungua mdomo tena, wazi kabisa, mikono ameiacha chini, akangoja hadi Thuo alipogeuka.